Kabla ya Kushusha Gari, Tazama Tangi

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea nikinena juu ya mashairi, milango ya nakshi na maneno yanayopotea vinywani mwa watoto wetu. Leo wataniwia radhi, kwani nataka kusema juu ya tangi la upepo. Naam, tangi: lile pipa la chuma ambalo vijana wetu hulificha ndani ya buti ili gari liweze kuinama na kuinuka kwa kubonyezwa kitufe. Anayedhani kwamba hili si jambo la utamaduni na anivumilie hadi mwisho, kisha ahukumu.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku moja baada ya sala ya Alasiri nilikuwa nimekaa barazani, hapa Mji wa Kale, Mombasa, alipokuja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Ni kijana wa miaka 24, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwenye adabu zake. Amenunua gari aina ya Toyota Mark II lililokwisha kutumika Japani, na katika bei yake mna fedha za mamake alizozipata katika mchezo wa wanawake wa mtaa. Gari hilo ndilo limpelekalo mama huyo kliniki, na ndilo liwachukualo wajukuu wake kwenda chuoni Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo, Mjomba," akasema, akaketi. "Nataka kulishusha gari. Mipira ya upepo ninayo, pampu ninayo, rimu nimeshaziagiza. Limebaki tangi tu, na hilo si kitu. Nitaokota lolote."

Neno hilo, "si kitu", ndilo lililonitia kalamu mkononi.

GARI LIPIGALO MAGOTI

Kwa wasiojua, nieleze kwanza. Gari la kawaida hukaa juu ya springi za chuma. Katika mtindo huu springi huondolewa, na mahali pake huwekwa mipira minene, mmoja kwa kila gurudumu. Mipira ikijazwa upepo gari huinuka. Upepo ukitolewa gari huinama mpaka tumbo lake likakaribia kugusa lami. Pampu ndogo ya umeme ndiyo izalishayo upepo, lakini pampu hiyo ni pole, haiwezi peke yake kuliinua gari upesi. Basi hujaza tangi taratibu, tangi likaweka akiba, na dereva akibonyeza kitufe vali hufunguka na akiba ile ikakimbilia kwenye mipira. Kwa hivyo atazamaye gari likiinuka husifu mipira, na mwenye gari husifu kitufe chake. Kazi imefanywa na tangi.

Mtindo wenyewe si wa jana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko katika mji wa Los Angeles walipenda magari yaliyokaa chini chini, yaendayo polepole, yaliyopakwa rangi za kuvutia macho. Serikali ya jimbo la California ikatunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 1958, ikikataza gari lolote kurekebishwa hata sehemu yake ikawa chini ya ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata, 1959, mtu mmoja aitwaye Ron Aguirre alitia katika gari lake la Corvette mitambo ya mafuta iliyotengenezwa kwa vipuri vya ndege, ili aweze kuliinua na kulishusha apendapo. Askari akija gari liko juu kwa mujibu wa sheria. Askari akipita gari linarudi chini. Sheria ile ilikaa miaka 66, mpaka ikafutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024.

Upepo nao una historia yake. Mwaka 1957 kampuni ya Cadillac iliuza gari la fahari, Eldorado Brougham, lililokalia mipira ya upepo tangu kiwandani. Lakini upepo ukavuja na matengenezo yakawasumbua wenyewe, na wengi wao wakang'oa mitambo ile wakarudisha springi za chuma. Kama matajiri wa Marekani walishindwa na upepo wa kiwandani, vipi sisi tunaounda wenyewe chini ya mwembe tuseme tangi si kitu?

JAHAZI NA KALAFATI

Najua wako wazee wenzangu watakaosema: huu ni upuuzi, gari ni la kupandwa, kwa nini lichezeshwe? Sikubaliani nao. Mtu wa pwani hajawahi kutumia chombo bila kukipamba. Tulichonga tezi za majahazi, tukayatia rangi na kuyapa majina. Milango yetu tumeitia nakshi wakati mbao tupu zingetosha kuwazuia wezi. Basi kijana akitaka gari lake liwe na haiba, amerithi kwetu.

Lakini kuna jambo jingine tulilokuwa nalo ambalo naona hatukuwarithisha. Fundi wa jahazi hakuanza na nakshi. Alianza na kalafati: alisokomeza pamba katika kila ufa baina ya mbao, akapaka mafuta ya papa, na sehemu ya chini ikakandikwa shahamu. Hayo yote huzama majini, hapana mtu ayaonaye wala kuyasifu. Jahazi likitoka mtondoo watu hushangilia tanga na rangi, lakini nahodha ajua kwamba kinachomrudisha kwa wanawe ni ile pamba iliyofichika.

Tangi la upepo ndiyo kalafati ya gari la namna hii. Nasi wazee, kwa kuwa tumeshughulika kuwakejeli vijana, hatukuketi nao tukawaambia hilo. Kijana aliyekejeliwa hufanya mambo yake kwa siri, na akifanya kwa siri hupata shauri kwa muuzaji.

TANGI LA LORI LA TANI 30

Haukupita muda mpwa wangu akarudi na tangi begani. Alilinunua kwa muuza vyuma kuukuu upande wa bara, karibu na yadi zinapovunjwa malori. Lilikuwa tangi la breki za upepo, zito, jeusi, limepakwa rangi mpya.

"Mjomba," akaniambia kwa furaha, "hili limetoka kwenye lori la tani 30. Litashindwa na kigari changu?"

Wasomaji wengi watamkubali muuzaji aliyemtia maneno hayo, nami mwenyewe nusura niyakubali. Lakini tuyapime. Tangi la breki halibebi uzito wa lori. Uzito wa lori umebebwa na chasisi na springi zake. Tangi hubeba presha ya upepo uliomo ndani mwake, basi. Na breki za lori hazitaki presha kubwa mno: sindano ya geji kwa kawaida hukaa baina ya 100 na 120. Nambari hizo ni ratili kwa kila inchi ya mraba, zile zinazoandikwa kwa herufi PSI. Gurudumu la gari dogo hujazwa kiasi cha 30. Mpwa wangu yeye alikuwa amekusudia kujaza hadi 200. Kwa hivyo kigari chake kilikuwa kinalitaka tangi lifanye kazi kubwa kuliko ile lililoifanya katika lori la tani 30.

Nikamwambia, "Baba, tufute hiyo rangi tuone." Tukafuta kwa msasa. Chini ya rangi mpya palikuwa na kibati kilichogongwa nambari: 150.

Labda msomaji atauliza, nini 150 na nini 200? Nami naomba afanye hesabu ndogo pamoja nami. Chukua tangi lenye upana wa inchi 8. Kila kifuniko cha mwisho wake, kulia na kushoto, kina eneo la inchi za mraba 50. Ukilijaza hadi 200, kila kifuniko husukumwa kutoka ndani kwa ratili 10,000, nazo ni tani nne na nusu. Huo ni uzito wa magari matatu kama la mpwa wangu, umeegemea mshono mmoja wa kuchomelea, usiku na mchana, hata gari likiwa limezimwa uani na watoto wanacheza kando yake.

Basi kwa nini vijana wataka 200? Hawana wazimu, hesabu imewaongoza. Tuseme mipira ya gari inahitaji presha ya tangi isipungue 100. Tangi kubwa la lita 19 lililojazwa hadi 150 litatoa kiasi cha lita 65 za upepo wa kawaida kabla ya kushuka hadi 100. Tangi dogo la lita 11 lililojazwa hadi 200 litatoa lita 75. Dogo limelishinda kubwa, na nafasi ya mizigo katika buti imebaki. Kwa hivyo aendaye dukani akauliza tu, "Mna tangi kubwa kiasi gani?" ameuliza nusu ya swali. Tangi kubwa mno huchelewa kujaa na kuichosha pampu. Dogo mno huifanya pampu kuwaka kila mara mpaka ikaungua, kwani ziko pampu ambazo katika presha ya 200 haziruhusiwi kufanya kazi zaidi ya thuluthi ya wakati. Kwa gari la kawaida, lita 11 hadi 19 ndiyo kadiri itumiwayo na wengi.

Lakini faida ile ya 200 ni halali kwa tangi lililoumbwa kuihimili, pamoja na mabomba na vali za kiwango hicho hicho. Kujaza 200 katika tangi la 150 ni sawa na kumtwika punda mzigo wa ngamia kwa kuwa wote wawili wana miguu minne.

MAJI YASIYOONEKANA

Marehemu babangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda Kampala. Nikiwa mtoto, wakati wa likizo, alinichukua mara kadhaa hadi Voi, akiniacha kwa shangazi. Kila alfajiri kabla ya kuondoka alinituma niingie chini ya lori nivute kijikamba kilichoning'inia chini ya tangi. Palitoka upepo kwa kishindo, kisha maji machafu yenye rangi ya chai. Nilipomuuliza maji hayo yameingiaje na hapana aliyeyatia, alinijibu, "Tumeyavuta wenyewe pamoja na upepo. Usipoyatoa yatakula chuma, na chuma kikiliwa breki itakuja kukukana mteremkoni."

Siku hizi naelewa alichosema. Upepo wa pwani yetu umejaa unyevu. Katika siku ya joto, mita moja ya ujazo ya hewa ya Mombasa huweza kubeba zaidi ya gramu 20 za maji, kijiko kikubwa kimoja na zaidi. Hewa hiyo ikishindiliwa ndani ya tangi kisha ikapoa, haiwezi tena kuyabeba maji hayo, nayo hujikusanya chini. Fundi wa Nairobi akisema maji si mengi, huenda kwake ni kweli. Kwetu sisi tunaokaa na chumvi na fukuto la kaskazi, tangi la chuma lisilomwagwa maji huliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa.

Nilipokuwa kijana niliyaona matokeo yake kwa macho yangu. Fundi mmoja wa pancha mtaani kwetu alikuwa na pipa la upepo ambalo halikuwahi kumwagwa maji. Siku moja lilipasuka upande wa chini, palipokuwa pakilala maji. Mabati ya paa yalifunguka kama karatasi na kiti chake tulikiokota ng'ambo ya barabara. Mwenyewe alikuwa msikitini kwa Adhuhuri, ndiyo salama yake. Tangu siku hiyo sikupata kulidharau pipa la upepo.

Kwa sababu hii mnunuzi wa tangi wa hapa kwetu lazima auangalie ugeni wa maji kabla ya uzuri wa rangi. Tangi la chuma cha kawaida ni rahisi, nalo hufaa likiwa jipya na likimwagwa maji mara kwa mara, lakini lina kikomo chake. La aluminiamu ni jepesi wala halishiki kutu nyekundu, ingawa chumvi ikikaa juu yake huweza kulitoboa vitundu vidogo vidogo. La chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, na bei yake hupanda vivyo hivyo. Lolote utakalochagua, liwe na tundu la kumwagia maji mahali palipo chini kabisa, na ulifunge hivyo hivyo, tundu likitazama chini. Nimeona gari ambalo fundi alilipindua tangi ili maandishi yaonekane vizuri buti likifunguliwa. Koki ya maji ikawa juu, inatoa upepo tu, maji yakabaki yamestarehe.

Hesabu pia matundu mengine kabla hujalipa: la kuingiza upepo wa pampu, ya kutoa upepo kwenda kwenye vali, la geji na swichi ya pampu, na la vali ya usalama. Vali hiyo ya usalama ni lazima. Ifunguke presha ikizidi kidogo pale pampu inapopaswa kuzima, na kamwe isiwe ya nambari ipitayo nambari ya tangi. Swichi ya pampu ni kifaa cha umeme, nayo siku moja itakwama. Siku hiyo vali ya usalama ndiyo itakayokuwa mlinzi wako. Yakipungua matundu, badilisha tangi. Usimpelekee mchomeleaji akakutobolea jingine, kwani moto wake hugeuza tabia ya chuma, na mshono aliouweka haujapimwa na mtu.

Wala usikubali makopo ya gesi ya friji, yale wanayoyatupa mafundi wa viyoyozi. Yameundwa yatumike mara moja yatupwe. Bati lake ni jembamba, na hayakuumbwa kukaa na upepo wenye maji. Mtungi mkuukuu wa gesi ya kupikia nao, hata kama ni mnene, hujui umeangushwa mara ngapi, na gesi iliyobaki ndani ikikutana na moto wa kuchomelea huenda usiwe na wasaa wa kujuta.

JARIBIO LA MAJI

Mpwa wangu hakuridhika na kibati cha 150. "Mjomba," akasema, "hizo nambari huwekwa chini kwa tahadhari. Kweli yenyewe ni zaidi." Na katika hilo alikuwa na chembe ya haki. Tangi jipya huundwa lihimili zaidi ya nambari yake. Lakini akiba hiyo si ya mnunuzi. Ni ya siku mbaya, na tangi kuukuu huenda limekwisha kuitumia.

Sikutaka kubishana naye. Tukamwendea jirani yetu mmoja, fundi mzee wa mabomba ya maji, mwenye pampu ya mkono ya kujaribia mabomba. Akatueleza jambo ambalo kila kijana alijue: tangi hujaribiwa kwa maji, halijaribiwi kwa upepo. Maji hayashindiliki. Chuma kikikubali kupasuka, maji huvuja kidogo na presha ikashuka mara moja. Upepo ni kama springi iliyobanwa. Chuma kikikubali, upepo hulipua. Hata kwa maji, akasema, kazi hii ifanywe na anayeijua, na watoto wakae mbali.

Akaziba matundu kwa vizibo vya hesi, akajaza maji hadi hewa yote ikatoka, akaunga pampu yake na geji. Akasema atapanda hadi 225, yaani mara moja na nusu ya nambari iliyogongwa. Lisiposhindwa hapo, basi linaaminika kwa 150, si kwa 200.

Akaanza kupiga mkono. 100, tangi kimya. 150, kimya. Mpwa wangu akanitazama akatabasamu. Ilipofika 180 sindano ikasita, kisha ikaanza kurudi nyuma peke yake. Fundi akaweka mkono chini ya tumbo la tangi, akautoa, akatuonyesha. Kidoleni palikuwa na tone moja la maji ya rangi ya chai, lile lile nililolijua tangu chini ya lori la babangu.

Hapana kishindo kilichotokea wala mtu aliyepiga kelele. Kijana alilitazama lile tone muda mrefu. Kisha akauliza, sauti ya chini, "Mjomba, kiti cha nyuma na buti, baina yao mna nini?"

Nikamjibu, "Kadibodi na kitambaa."

Hakuniuliza tena. Sote wawili tulijua ni nani waketio katika kiti hicho Jumamosi asubuhi.

NAMBARI, MAJI NA MAKALIO

Kuna sheria ya Kenya ya usalama kazini ya mwaka 2007. Inataka pipa la upepo la karakana liandikwe presha yake ya salama, liwe na vali ya usalama, geji na mahali pa kumwagia maji. Ni mambo yale yale niliyoyataja. Lakini hiyo ni sheria ya mahali pa kazi. Hapana mkaguzi atakayekuja kulifungua buti la gari la kijana uani kwao. Hapo mkaguzi ni nafsi yake, na mzee aliye karibu naye.

Kwa hivyo nawaomba vijana, kabla ya rimu na kabla ya rangi, wanunue tangi, nao walichague kwa maswali matatu. Kwanza, nambari iliyogongwa ni ngapi, na je, presha niitakayo iko chini yake? Tangi lisilo na nambari halina nasaba. Liache kwa mwenyewe. Pili, maji yatatokea wapi, na nani atakayeyamwaga? Hapa pwani ifanywe kila juma, na katika miezi ya joto zaidi ya hapo. Tatu, ni nani atakayekaa karibu nalo? Jibu la swali hili litakuonyesha mahali pa kulifunga na namna ya kulifunga: kwa mikanda ya chuma na boliti zipitazo sakafuni zikabanwa kwa nati chini, mbali na paipu la moshi, si kwa skurubu mbili katika bati jembamba.

Na wazee wenzangu nawaomba jambo moja. Kijana akija na gari lake tusianze na kicheko. Tumwambie afungue buti, tuulize habari za tangi. Katika ukoo wa watu waliotia kalafati vyombo vilivyovuka bahari hadi Maskati, hatuwezi kukosa la kumwambia.

Mpwa wangu aliahirisha rimu zake miezi minne. Alinunua tangi jipya la aluminiamu la lita 11, lililogongwa 200, kwa bei iliyokuwa mara tatu ya lile la skrepu, na swichi yake huizima pampu ikifika 175. Gari huinuka polepole kidogo kuliko alivyotamani, na rafiki zake humcheka kwa hilo. Kila Ijumaa kabla ya kwenda kuoga kwa ajili ya sala, huinama nyuma ya gari akafungua koki, nami nikiwapo huenda kuyatazama maji yanayotoka. Nimemwandikia ubeti mmoja, naye ameubandika ndani ya kifuniko cha buti:

Ewe mpenda kupamba, gari lako kulishusha,
Tangi liwe kama mwamba, si lile la kututisha,
Maji ya kutu huchimba, taratibu hulichosha,
Kagua kabla kutamba, usihasiri maisha.